Aliniambia Nisubiri Raundi ya Tatu

Nilijua nimesalitiwa nikiwa nimeshika kisahani cha keki.

Saa nane mchana, ofisini. Meneja wetu amesimama mbele ya meza ya mikutano, anacheka peke yake kama kawaida yake.

"Mwenzenu anatuacha," akasema. "Amepata nafasi ya masta ya uhandisi wa fedha, na ufadhili juu. Mpeni hongera zake."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikageuka kutafuta ni nani.

Alikuwa Pacha.

Jamani, Pacha si pacha wangu wa kuzaliwa. Tulisoma chuo kimoja, tukaajiriwa siku moja kwenye kampuni ya bima, tukapewa dawati moja. Kazi yetu ni kupiga hesabu za hatari: nyumba ipi ina uwezekano wa kuungua, gari lipi litagongwa, mteja alipe kiasi gani. Watu wakatuita mapacha, jina likaganda.

Mwaka mzima tulikuwa tunapanga kuomba masta hiyo hiyo, chuo kile kile.

Kwa msiojua, uhandisi wa fedha ni hesabu nzito za kupima bei na hatari kwenye masoko. Darasa ni dogo. Chuo hupokea maombi kwa raundi tatu: mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu.

Mimi mwezi wa tisa nilikuwa tayari. Mtihani wa kujiunga nimeshafanya, alama nzuri tu. Insha imeandikwa. Mwalimu aliyetufundisha wote wawili amekubali kutuandikia barua za mapendekezo.

Pacha ndiye aliyenishika mkono.

"Usikurupuke," akaniambia. "Raundi ya kwanza ni ya vichwa vya dunia nzima. Utachujwa kama majani ya chai. Ngoja raundi ya tatu, wakati huo wanatafuta watu wa kujaza viti."

"Una uhakika?"

"Nimeongea na waliosoma pale. Rudia mtihani mwezi wa kwanza, ongeza alama, halafu mwezi wa tatu tutume wote."

Tutume wote... Maneno mawili hayo ndiyo yaliyonimaliza.

Nyumbani nikamweleza dada. Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi sita. Ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kiwanda chake.

"Kama rafiki yako anasema subiri, basi subiri," akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Haraka haraka haina baraka."

Nikasubiri.

Sasa siku ya keki ilikuwa mwezi wa pili. Maombi yangu bado yamelala kwenye kompyuta, hata sijayatuma.

Nikamfuata Pacha kwenye ngazi.

"Ulituma lini?"

Akainamia simu yake.

"Pacha, nakuuliza. Ulituma lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Tarehe ngapi?"

"Moja."

"Na mimi ukaniambia..."

"Najua nilichokuambia. Lakini halikuwa wazo langu peke yangu. Nyumbani kwenu..."

"Usithubutu kutaja nyumbani kwetu," nikamkata. "Umekula kwetu kila Jumamosi."

Nikashuka ngazi, nikamwacha amesimama pale.

Hapa nawaomba msinihurumie. Ninachowasimulia sasa nilikifanya mwenyewe, na akili zangu timamu.

Kwenye insha yake, ambayo nilimsaidia kuisahihisha, Pacha alikuwa ameeleza kazi moja tuliyoifanya pamoja chuoni: hesabu za kukadiria mafuriko kwa nyumba zilizo karibu na mto. Nusu ya fomula zilitoka kichwani kwake. Lakini tuliziandika kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo mafaili yote yalikuwa na jina langu.

Nikawaandikia chuo barua pepe. Nikasema kazi ile ni yangu peke yangu, huyo mliyemchukua ni mwizi. Nikaambatanisha mafaili.

Wiki mbili baadaye wakajibu. Nafasi yake imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Ufadhili wake wakampa mtu mwingine.

Na kazini alikuwa ameshaaga. Kiti chake kilikuwa na mtu mpya.

Nilifurahi? Sana. Jioni ile nilikula nikashiba, nikaimba nikiosha vyombo.

Mwezi wa tatu ukafika, nikatuma maombi yangu.

Jibu lilikuja mwezi wa tano, mistari mitatu. Viti vimejaa. Wanafunzi wengi huchukuliwa raundi ya kwanza. Sifa zako ni nzuri, tunakushauri mwakani uombe mapema.

Jumamosi iliyofuata, Pacha akaja nyumbani.

Alikuwa amekonda hadi mifupa ya shingo inahesabika. Dada alikuwa kwenye cherehani, mlango wazi. Alipomwona, mguu wake ukasimama.

"Sijaja kugombana," Pacha akasema. "Nimekuja umsikie yeye."

Akaninyooshea simu. Ulikuwa ujumbe wa mwezi wa tisa, na namba iliyoutuma naijua kwa kichwa kuliko hata yangu.

"Mwambie asubiri raundi ya mwisho. Akiuliza, sema umeongea na waliosoma pale. Wewe nenda zako, huyu niachie mimi."

Nikausoma mara tatu.

"Mimi nilikubali kwa sababu ilinifaa," Pacha akasema. "Mwalimu angeweza kumtaja mmoja wetu tu kuwa bora. Ubaya wangu siukatai. Ila nilitaka ujue nani alianza."

Nikamgeukia dada.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Uliogopa nitakuacha peke yako?"

Wapendwa, nilitaka aseme ndiyo. Angesema ndiyo, ningemsamehe palepale.

Dada akakata uzi kwa meno. Akaigeuza suruali aliyokuwa anapinda, akaiweka sawa.

"Sikuogopa kitu," akasema. "Niliacha shule ili usome wewe. Nilikuwa namba moja darasani. Hilo hulijui, maana hujawahi kuniuliza. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kiti hiki nangoja siku utakayosema, dada, sasa zamu yako. Umepata digrii, umepata kazi, umeanza kupanga masta. Zamu yangu hata hukuiota."

"Dada..."

"Nilisoma lile tangazo, nikajua raundi ya mwisho viti huwa vimeisha. Nilitaka na wewe usubiri mwaka mmoja. Mmoja tu. Nione utakuwa mtu wa namna gani."

Akamtazama Pacha na ile shingo yake, kisha akanitazama mimi.

"Nimeona," akasema. Akaendelea kushona.

Pacha akaondoka bila kuaga. Sikupata hata ujasiri wa kumfuata mlangoni.

Baadaye chuo kilimuuliza mwalimu wetu, naye akasema ukweli, kwamba ile kazi aliisimamia na ilikuwa ya watu wawili. Pacha akasafishwa jina. Lakini barua ya kumsafisha ilifika masomo yameshaanza, na ufadhili ulikuwa na mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mwalimu. Nikakaa mbele ya meza yake kama mtoto aliyevunja dirisha.

"Mwalimu, safari hii natuma raundi ya kwanza. Naomba barua ya mapendekezo."

Akapanga karatasi zake, moja moja.

"Nitakuandikia, binti yangu," akasema. "Nitaandika kwamba katika niliowafundisha, wenye kichwa kama chako hawafiki watatu. Halafu nitaandika ulichomfanyia mwenzako. Ukiona inakufaa, niletee fomu."

Raundi ya kwanza inafungwa Ijumaa. Fomu sijampelekea.

Ndugu zangu, kama unapanga lini uombe chuo, fungua tangazo ulisome mwenyewe kwa macho yako. Ukiwa tayari mapema, tuma mapema. Anayekuambia subiri, muulize yeye anatuma lini, na akuonyeshe.

Lakini hilo ni somo dogo. Kubwa ni hili: ukiona umefika juu, kuna mgongo umeukanyaga. Mtafute mwenye mgongo, umuulize naye alitaka kuwa nani. Muulize mapema, kabla hajachoka kungoja.

Mimi naandika haya nikiwa chumbani. Dada yuko chumba cha mbele, cherehani inalia. Tunasalimiana, tunapishana koridoni, tunakula chungu kimoja.

Mpaka leo sijamuuliza.