Mama Aliyesema Hana Mtoto

Fundi miwani alikutana na nesi langoni mwa hospitali kuu ya jiji, saa ya watu kusukumana. Alimkanyaga kiatu cheupe, akainama kukipangusa kwa kitambaa cha kufutia lenzi.

"Kaka, utakisugua mpaka kianze kuona?" nesi alicheka.

Wee, kicheko kile! Haikupita miezi miwili wakawa hawali bila kupigiana simu. Ila nesi akiuliza habari za kwao, fundi alijibu kwa sauti ya msiba, "Mama alishafariki, mpenzi." Uongo mtupu! Mama yake alikuwa hai, anachoma mkaa kijijini, na kijana alimwonea haya.

Hospitali ikawapanga pamoja kwenye kliniki ya macho ya siku moja huko mashambani. Fundi aliposikia ni mji ulio jirani na kijiji cha mama yake, alipiga simu mbio.

"Laazizi, naona homa inaninyemelea."

"Acha deko! Nimeshashona gauni la safari."

Akaenda, akijipa moyo kwamba vijiji ni vingi.

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja ya vumbi, mashine ya kusaga na duka la mbolea. Wanavijiji walijipanga foleni tangu alfajiri. Saa tano, aliyeketi mbele ya fundi alikuwa mama yake, sweta imefumuka, vidole vyeusi kwa mkaa. Alifungua mdomo kwa furaha, akauona uso wa mwanawe, akaufunga. Fundi alijaza kadi upesi upesi bila kuinua macho.

"Mama, hii dawa ni tone moja mara nne kwa siku," nesi alisema. "Una mtoto wa kukutilia?"

Mama alimtupia fundi jicho mara moja tu.

"Sina, mwanangu. Nitajitilia mwenyewe."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Nesi naye alikuwa ameshika kadi, anaisoma.

"Fundi, umeandika jina, umri, kijiji, mpaka jicho lililorukiwa na cheche. Mbona hujamwuliza hata swali moja?"

Foleni nzima ilitega masikio.

"Ni mama yangu," alisema. "Mama yangu mzazi."

"Huyu uliyenifanya nimlilie?"

"Ndiye."

Laiti angemtukana! Nesi alimgeukia mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usimgombeze, mwanangu. Mjini kuna mambo yake."

Maneno hayo yalimchoma kijana kuliko kofi. Alipiga magoti mbele ya watu wote. "Mama, nimekuzika ukiwa hai. Nisamehe."

"Inuka, unachafua suruali."

Jioni gari la hospitali lilikuwa linaunguruma. Fundi alimwambia nesi kwamba anabaki kumuuguza mama. "Na sisi je, mpenzi?"

"Mtu aliyemzika mama yake, mimi atanizika lini?" Nesi akapanda, akafunga mlango.

"Mkimbilie, mwanangu!" mama alihimiza.

"Kwanza dawa, mama. Inamisha kichwa."

Akakikamua kichupa kwa pupa. Tone la kwanza likaangukia shavuni, la pili puani. Mlango wa gari ukafunguliwa.

"Utammalizia dawa yote!" Nesi alimshika kifundo cha mkono. "Vuta kope chini. Hivi. Na usijidanganye, sijakusamehe."

"Najua."

Tone likaingia. Nesi hakuuachia mkono. Dereva alipiga honi mara tatu, akachoka, akaondoka bila yeye.