Mwanga Mpaka Mwisho

Aliyenisimulia ni Tumsifu, mwalimu mwenzangu hapa Nkende, na hajawahi kuniongopea. Macho humuuma akikaa sana kwenye laptopu. Mumewe, Waitara, alikuwa akiingia humo kwa programu ya simu yake, akiwa kazini Nyamongo, anampunguzia mwanga wa skrini. Tulipomzika Waitara kijijini Gorong'a, Tumsifu aliizima simu hiyo akaitia mfukoni mwa koti la marehemu, humo jenezani.

Juzi mchana alikuwa akiandaa mtihani, mvua ikipiga bati. Mshale wa skrini ukasogea wenyewe, ukaupandisha mwanga wote.

"Baba Mokami, punguza basi, macho yananiuma," akamwambia marehemu mumewe huku analia.

Akaupunguza kwa mkono wake. Mshale ukarudi polepole, ukaupandisha tena mpaka mwisho, kama wa mtu anayetaka kuona gizani.