Maji Yaliyopoa Mapema

Katika nyumba yao siku ilianza kwa maji. Kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati, Chiriku alikwenda kwenye bomba la mtaa na ndoo mbili, akazijaza, akarudi nazo moja moja. Aliwasha jiko, akateleka sufuria kubwa na kungoja mpaka maji yatokote sawasawa. Kisha aliyaepua, akayafunika na kuyaacha yapoe. Yalipopoa aliyachuja kwa kitambaa cheupe na kuyamimina katika ndoo ya kunywea, ile yenye koki, iliyowekwa juu ya stuli ndefu ili mikono midogo isiifikie.

Mikono midogo ilikuwa minne. Ilikuwa ya wadogo zake pacha, waliotimiza miaka miwili. Wa kike aliitwa Upepo, kwa kuwa ukimgeuzia mgongo tu hayupo. Wa kiume aliitwa Nanga. Huyo ukimweka mahali, unamkuta papo hapo, ila kila kilichokuwa karibu naye kimeshaingia kinywani. Chiriku mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu tangu alipofumbua macho asubuhi mdomo wake haukupumzika.

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na alishonea sebuleni karibu na dirisha. Kilikuwa kipindi cha joto kali, shule zimefungwa, na wazazi wa mtaani walikuwa wameanza kuleta vitambaa vya sare mpya. Naye mama alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Kila wiki alilazimika kusogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Huyu wa humu ndani ameanza kugombania nafasi na cherehani," alisema huku akijipangusa jasho. "Nadhani atakuwa fundi."

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwagiza mama anywe maji mengi na ajinyooshe kila adhuhuri, miguu juu ya mto. Kunywa maji kulikuwa rahisi. Kujinyoosha ndiko kulikokuwa kazi, maana mama akilala tu mkekani, Upepo alipanda tumbo lake kama kilima. Mchana mmoja mama alishtuka, akacheka, kisha akaita, "Chiriku! Njoo upesi, weka mkono hapa!"

Chiriku aliweka kiganja. Kwa muda hakuhisi kitu. Halafu kitu kidogo kikagonga kutoka ndani, kama samaki aliyejigeuza ndani ya ndoo.

"Anacheza!" Chiriku alipiga kelele.

Upepo naye alisogea, akagonga tumbo la mama kwa kidole na kusema, "Hodi!"

"Karibu," mama alijibu kwa sauti nyembamba ya kitoto. Pacha wote wawili walitoa macho. Tangu siku ile hawakupita karibu na mama bila kubisha hodi.

Basi hivyo ndivyo walivyoishi, wamechoka lakini wana furaha, mpaka mambo ya kamba yalipoingia.

Watoto wa mtaa walipanga shindano la kuruka kamba dhidi ya mtaa wa pili. Mazoezi yalikuwa asubuhi, kabla ardhi haijaanza kuchoma nyayo. Chiriku alikuwa hodari wa kuruka, lakini kila siku alifika wenzake wakiwa wanakunja kamba. Asubuhi moja wakiwa bombani, rafiki yake aliyeitwa Twiga kwa urefu wa miguu yake alimwambia, "Shoga, leo ukichelewa tena nafasi yako anapewa mwingine. Sisi tumechoka kukungoja."

Chiriku alirudi nyumbani na ndoo yake. Jiko lilikuwa bado baridi. Aliyatazama maji. Yalikuwa maangavu, hayana hata chembe ya taka. "Kwa siku moja tu," alijiambia, "maji haya yana ubaya gani?" Akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayamimina katika ndoo ya kunywea na kufunika.

"Chiriku, umeshachemsha maji?" mama aliuliza kutoka chumbani, ambako alikuwa akipigana na Upepo juu ya kuvaa suruali.

"Ndiyo, mama!" alijibu, naye tayari yuko mlangoni.

Siku hiyo aliruka vizuri kuliko wote. Aliporudi alimkuta mama kashika kikombe, uso umejaa tabasamu. "Leo maji yamepoa mapema! Hongera, mwanangu. Joto hili, ukipata maji ya baridi ni kama umepewa zawadi."

Pongezi ile ilimkaa Chiriku kooni kama mwiba wa samaki. Lakini hakuna aliyeumwa siku hiyo, wala kesho yake. Ile siku moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Njia ya mkato ukishaizoea, ile ndefu huoni tena sababu ya kuipita.

Asubuhi ya tano Nanga alikataa uji. Hilo peke yake lilitosha kumtia mama wasiwasi, kwa maana Nanga hakuwahi kukataa chochote, hata sabuni. Kufika saa nne alikuwa ameharisha mara tatu. Macho yake yalilegea, na midomo ikakauka. Mama naye alikuwa ameshika kiuno. Tumbo lilimsokota tangu alfajiri, ila alikuwa amenyamaza.

"Mbebe mdogo wako twende zahanati," alimwambia Chiriku. Yeye akamshika Upepo mkono, na wote wanne wakaenda polepole, wakifuata kivuli cha kuta.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole wa mikono lakini mkali wa maswali. Alimpima Nanga, akambana ngozi ya tumbo kuona kama inarudi haraka. Kisha alimlaza mama kitandani na kuweka juu ya tumbo lake kifaa kilichofanana na tarumbeta ndogo. Alisikiliza. Chiriku aliona vidole vya mama vikikunja ukingo wa kanga.

"Moyo wa mtoto unapiga vizuri," muuguzi alisema mwishowe. Mama akafumba macho na kushusha pumzi. "Lakini mja mzito akiharisha kwenye joto hili huishiwa maji upesi, na hapo mambo yanaweza kumharibikia yeye na mtoto. Niambie, maji ya kunywa mnachemsha?"

"Binti yangu huyu huchemsha kila asubuhi," mama alijibu. "Kwake sina shaka."

Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu. Mdomo ambao haukujua kupumzika ulikuwa umekauka kama wa Nanga.

"Basi wamekula nini cha nje?"

Mama alifikiri. "Juzi Bibi Barafu aliwapa pacha barafu za matunda."

Bibi Barafu alikuwa jirani yao, mjane aliyeuza barafu za maji ya matunda kwenye kibaraza chake. Muuguzi aliitikia kwa kichwa. "Inawezekana. Nitamwomba bwana afya akazitazame." Akampa mama pakiti za dawa ya unga. "Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, na wewe unywe pia. Kesho mrudi niwaone."

Njia ya kurudi ilipita mbele ya kibaraza cha Bibi Barafu. Watoto sita au saba walikuwa wamepanga foleni. Mama alisimama. Hakuwa mtu wa ugomvi, lakini siku ile alikuwa na mtoto mgonjwa, tumbo linalouma na jua la utosi.

"Mama mkubwa, samahani, lakini leo nitasema," alianza. "Barafu zako zimemwangusha mwanangu. Nimetoka naye zahanati sasa hivi."

Bibi Barafu aliacha kijiko chake. "Barafu zangu? Mwanangu, mimi maji yangu nachemsha mpaka sufuria inalia!"

"Basi huyu kapata wapi?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita alimvuta mwanawe kutoka kwenye foleni. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Punde kibaraza kikawa kitupu, na Bibi Barafu akabaki amesimama na barafu mkononi, inadondoka tone tone juu ya kandambili zake. Chiriku alimwona. Alimweka Nanga vizuri mgongoni, akamfuata mama.

Nyumbani, baba alikuwa amerudi mapema kutoka karakana ya kuchomelea vyuma, nguo zake zina matundu madogo ya cheche. Alimpokea Nanga na kumlaza mapajani. Mama alichukua jagi la lita moja, akaliweka chini ya koki ya ndoo ya kunywea na kulijaza. Kisha akakata pakiti ya dawa kwa meno, akaimimina na kukoroga.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Aliona kijiko kikichovya. Aliona kijiko kikiinuka kuelekea midomo ya Nanga.

"Mama, usimpe!"

Sauti ilitoka kwa nguvu hata Upepo akaanguka kwa makalio. Mama alisimamisha kijiko hewani. "Una nini wewe?"

"Maji hayo hayajachemshwa." Machozi yalishaanza. "Sikuchemsha leo. Wala jana. Siku tano sijachemsha, mama. Nilikuwa nawahi kamba. Si Bibi Barafu. Ni mimi."

Mama alitazama jagi, akatazama tumbo lake, kisha akamwaga dawa yote kwenye ndoo ya maji machafu. Chiriku angefurahi kama angefokewa. Ukimya ule ulimuuma zaidi.

Baba ndiye aliyesema kwanza. "Washa jiko," alisema. "Mimi namshika mtoto. Ya kulaumiana yatangoja, kiu ya Nanga haingoji."

Chiriku aliwasha jiko. Hakusogea mpaka maji yalipotokota kabisa. Baba alimwonyesha jinsi ya kuyapoza haraka kwa kukalisha sufuria ndogo iliyofunikwa ndani ya beseni la maji ya baridi. Ndoo ya kunywea waliimwaga, wakaiosha kwa sabuni na kuisuuza kwa maji ya moto. Mama alikata pakiti ya pili. Kijiko kimoja, kisha kingine. Jua lilipokuwa linazama, Nanga alikojoa mapajani kwa baba, na baba akashangilia kana kwamba amefunga goli.

"Afadhali! Maji yamerudi mwilini!"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha alimwita Chiriku akae karibu naye mkekani.

"Kwa nini hukuniambia kuwa kazi imekuzidi?"

"Niliona wewe umechoka zaidi," Chiriku alisema. "Niliona haya."

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungesema, 'Mama, leo sijachemsha,' ningekunja uso kidogo, basi. Ningechemsha mwenyewe, au ningemwachia baba yako. Lakini uliponiambia umechemsha, nililala nikijua tuko salama. Umeona hilo? Nilijaza kikombe na kunywa, mimi na huyu wa tumboni, kwa sababu ya neno lako."

Chiriku alilia tena, na mama akamwacha alie.

Kesho yake Nanga aliomba uji, akamaliza, akaomba wa pacha wake. Muuguzi aliwapima tena na kuridhika. Chiriku alimweleza ukweli wote yeye mwenyewe. Muuguzi alimsikiliza, akatikisa kichwa na kusema, "Ingekuwa vizuri ungenijibu jana. Mgonjwa anayemficha mganga hujitibu kwa kubahatisha. Lakini umesema kabla sijamtuma bwana afya. Asante."

Walipofika kibarazani kwa Bibi Barafu, mama alingoja mpaka wanawake watatu waliokuwa wakirudi sokoni wakaribie. Alimshika Chiriku begani. "Jana nilisema mbele ya watu," alisema. "Leo nasema mbele ya watu pia. Nilikukosea, mama mkubwa. Barafu zako hazina kosa. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza. Nisamehe."

Chiriku hakutegemea kwamba mama angeanza. Alipiga hatua mbele. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Kosa lilikuwa langu. Sikuchemsha maji, nikasema nimechemsha. Zahanati nilimsikia mama akikutaja, nikanyamaza. Nisamehe, Bibi."

Bibi Barafu alikaa juu ya stuli yake na kumvuta Chiriku karibu.

"Jana barafu zangu zimeyeyuka zote," alisema. "Hilo silo lililoniumiza. Kilichoniumiza ni kuwaona watoto niliowalea mtaani wanavutwa mbali nami kama vile nina ukoma. Wewe hukunitukana, mjukuu wangu. Ulinyamaza tu. Lakini kuna kunyamaza kunakomtwisha mwingine mzigo usio wake. Ukikosea, useme mapema, kosa likiwa bado dogo, maana likikua litamwangukia na asiyehusika. Na kazi ya afya haina njia ya mkato. Maji tunachemsha kwa ajili ya kile tusichokiona kwa macho. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi yameisha."

Wanawake watatu walikuwa bado wamesimama. Mmoja aliagiza barafu nne, na Upepo, aliyekuwa amepotea kwa muda, akaonekana mbele ya foleni, mkono umenyooka.

Tangu siku ile baba alichemsha maji kila jioni jiko likiwa bado na moto wa chakula, yakapoa usiku kucha, na Chiriku alipoamka kazi yake ilikuwa kuchuja na kuosha ndoo. Alibaki na muda wa kutosha wa kamba. Katika shindano walishindwa na mtaa wa pili kwa miruko mitatu. Chiriku alirudi nyumbani akilisimulia shindano zima, mruko kwa mruko, na mama alimsikiliza mpaka mwisho, miguu yake juu ya mto.