Jina Lililoitwa kwenye Injini

Asubuhi hiyo Kipkurui alipoweka kiganja juu ya injini ya pikipiki, aliikuta ina joto. Halikuwa joto la jua, maana mwezi wa saba jua la Boito hulioni mpaka saa nne, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani chai. Lilikuwa joto la mtu, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Na injini ilikuwa imezimwa tangu jana alasiri, mlango wa banda una kufuli, ufunguo amelala nao shingoni.

Aliondoa mkono. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na alijua mwenyewe alichofanya?

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu jambo hili limesimuliwa vibaya sana, hasa na Edinah wa duka la unga, ambaye mdomo wake hauna kifuniko.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mbio, ya Kiingereza, silinda moja kubwa, ya mwaka wa hamsini na nne. Mzungu mmoja, meneja wa shamba la chai, alishindana nayo enzi za ukoloni, na aliporudi kwao akamwachia Kipkurui, fundi wa mashine kiwandani. Tangi refu, kiti cha mtu mmoja, namba 27 bado iko ubavuni. Kipkurui aliitunza miaka na miaka. Kila mwezi alichemsha cheni yake ndani ya grisi, kwenye sufuria ambayo mkewe, Wilkista, alikataa kuigusa tena.

Mwana wao wa pekee, Nicholas, alikua akiipenda. Mwezi wa nne mwaka wa 1996, alfajiri yenye ukungu, aliingia nayo chini ya trela ya majani chai iliyosimama barabarani bila taa. Alimwacha mkewe, Janeffer, na mimba ya miezi mitano.

Mzee mwingine angeiuza vyuma. Kipkurui aliileta nyumbani kwa mkokoteni, akaanza kuitengeneza kabla udongo wa kaburi haujatulia. Siku za kulia hakulia. Alinyoosha fremu. Kila Jumamosi rafiki yake Oyoo, fundi wa boila, mtu wa upande wa ziwa, alikuja kumsaidia.

"Nyinyi watu hamjui kulia," Oyoo alimtania. "Kwetu saa hii majirani wangekuwa wamehama."

"Na nyinyi hamjui kunyamaza. Nipe hiyo spana ya nusu."

Ikabaki kuwaka tu. Petroli ilifika, magneto ilitoa moto wa buluu, valvu zilifunga sawasawa, na bado ikakataa, wiki mbili nzima. Ndipo alasiri moja, mvua ya mawe ikipiga mabati hata usingemsikia aliye karibu nawe, Kipkurui akiwa peke yake, akafanya jambo ambalo mwanamume wa kwao hafanyi kabisa, na mwanamke hawezi kulifanyia chuma.

Mtoto akizaliwa huko, kina mama huketi naye wakataja majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Akipiga chafya jina fulani likitajwa, basi huyo ndiye amerudi, na kina mama hucheka. Sasa Kipkurui, mguu juu ya kiki, ile pedali ya kuwashia, akaanza kutaja. Baba yake. Akapiga kiki. Kimya. Baba yake mdogo. Kimya. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nicholas," akapiga kiki, na kabureta ikapiga chafya, ikatema ukungu wa petroli, na injini ikanguruma mpaka spana zikacheza ukutani.

Kipkurui akacheka. Alicheka kama wale kina mama, machozi yakimwingia mdomoni.

Kesho yake ndiyo asubuhi ile ya joto.

Jumamosi Oyoo alikuja, akatoa plagi ili aisafishe, akaitia mfukoni, wakaenda kwanza kunywa chai nje ya jiko. Mle bandani kiki ikashuka. Wote wawili waliisikia. Kisha ikaja sauti ya pistoni ikivuta hewa na kuitoa kwenye tundu la plagi, ikivuta na kuitoa, polepole, kama mtu aliyelala.

"Umeacha mtu huko ndani?" Oyoo akanong'ona.

"Hakuna mtu."

"Kipkurui. Plagi iko hapa kwa mfuko yangu. Hiyo kitu inapumua na nini?"

"Ni upepo."

"Upepo gani unajua kupiga kiki." Aliiweka plagi juu ya meza taratibu, kama yai. "Mimi naenda. Chai yangu unywe wewe."

Ubaya ni kwamba Kipkurui hakuogopa vya kutosha. Alianza kukaa na ile pikipiki kila alfajiri, kiganja juu ya silinda, akiipa habari: ng'ombe amezaa, Janeffer miguu imevimba, mvua imezidi. Banda lote lilinukia yale mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo Nicholas alijipaka mikononi. Siku nyingine, akinyamaza, chuma kilizidi joto chini ya mkono wake, kana kwamba kinamwambia endelea.

Mwezi wa nane Janeffer alijifungua mvulana. Mtoto alizaliwa baridi. Walimfunika blanketi mbili, wakamweka karibu na moto, na bado nyayo zake zilikuwa kama mawe ya mtoni. Ziwa la mama yake alilitazama tu, asinyonye.

Aliyeongoza kumwita jina alikuwa Tecla, mama mzee ambaye Boito nzima humwita Kogo, yaani nyanya. Siku mbili walitaja wazee wa ukoo kwa mpangilio, mtoto asitikisike. Nicholas, marehemu mdogo kuliko wote, aliachwa mwisho. Edinah, ambaye aliwahi kufika Mombasa mara moja na tangu siku hiyo kila kitu kwake ni jini, akasema nyumba hii ina jini. Kogo akamwambia afunge mdomo. Kisha akamnong'oneza Wilkista kwamba tangu aanze kazi hii hajaona mtoto asiye na jina akifika siku ya tano.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, ukungu ukishuka kutoka juu ya mashamba na kuingia uani bila haraka, Kipkurui alikuwa amesimama nje ya dirisha, anasikia kila neno, anasikia Kogo akivuta pumzi, na moyo wake ukawa unamwambia kimbia, ukaweke mkono juu ya injini, ukaikabe koo, lakini miguu haikwenda, na Kogo akasema "Nicholas," na ndani ya nyumba mtoto hakupiga chafya, ila nyuma ya nyumba, ndani ya banda lenye kufuli, kabureta ambayo haikuwa na tone la petroli ikapiga chafya, mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa na baba yake akaitika.

Hakuna aliyecheka.

Kogo alitoka, akamshika Kipkurui mkono, akampeleka mpaka mlango wa banda, akamwambia aufungue.

"Ulimwita wewe?"

"Nilimwita."

"Kwa hii?"

"Ilikataa kuwaka, Kogo."

Mama mzee aliitazama ile pikipiki muda mrefu. Tangi linang'aa, cheni imepakwa grisi, hakuna hata tone la oili sakafuni. "Umemlaza pazuri," alisema. "Na mtoto wake anakufa huku. Sasa mtoe."

"Nitamtoaje? Wewe ndiwe unajua mambo ya majina."

"Sina dawa ya chuma. Fundi ni wewe."

Asubuhi ya siku ya nne Oyoo alirudi, ingawa aliapa hatarudi. Kipkurui akaanza kuifungua pikipiki. Alitoa tangi, akatoa kabureta, akatoa ekzosi, na kila nati aliyoilegeza, injini ilizidi joto, mpaka Oyoo akawa anaishika kwa gunia. Magneto ilipotoka, kiki ikaanza kushuka na kupanda yenyewe, haraka haraka, kama miguu ya mtoto anayekataa kuvuliwa nguo.

"Tulia," Kipkurui alisema. "Tulia, baba. Ni mimi."

Hapo ndipo ikatetemeka zaidi.

"Inajua ni wewe," Oyoo akasema. "Ndiyo maana. Maliza haraka, ndugu yangu."

Akaondoa kichwa cha injini. Akavuta silinda juu kwa mikono miwili, nayo ikang'ang'ania, halafu ikaachia ghafla kwa pumzi moja ndefu iliyowapiga usoni, na harufu ya yale mafuta ikapita kati yao ikatoka mlangoni. Pistoni ikabaki mkononi mwa Kipkurui. Ikapoa akiwa ameishika, kama alivyopoa Nicholas kule chini ya trela.

Ndani ya nyumba Kogo alitaja jina. Chafya ndogo. Kina mama wakacheka, Janeffer akacheka na kulia, na Oyoo akaketi chini juu ya ndoo.

Kipkurui aliosha mikono kwa mafuta taa, kisha sabuni, kisha majivu, akaingia. Mtoto alikuwa na joto, ameshanyonya, amepita mikononi mwa watu wote, hata Edinah. Wilkista akamweka kwa babu yake. Kipkurui akamshika kichwa polepole, jinsi anavyoshika kila kitu. Mtoto akafungua macho. Hakulia. Mwili wote ulikakamaa, akamtazama babu, akaacha kupumua mpaka midomo ikawa ya buluu, na Kogo akamnyakua.

"Mpe muda," Wilkista akasema.

 Kogo alikuwa akiitazama mikono ya mzee, ile ile iliyomng'oa Nicholas kwenye chuma.

Muda ulipita. Nicholas mdogo sasa ana miaka mitatu, mnene, mchokozi, anampanda Oyoo mabegani na kumvuta masikio. Babu yake hula mapema, peke yake, na hupitia njia ya nyuma, maana mtoto akimwona bado huacha kupumua. Juzi mtoto alishikwa na homa, Wilkista akambeba mgongoni kwenda zahanati, na Kipkurui akawafuata hatua ishirini nyuma, blanketi begani. Kila mtoto alipogeuza shingo, mzee alichutama katikati ya michai. Mvua ilipoanza, alikata shamba mbio, akawatangulia, akaliweka lile blanketi juu ya jiwe kando ya njia mahali ambapo mkewe angeliona, akarudi kujificha.