Kiti Chenye Joto

Kiti cha abiria kilikuwa na joto. Dalali alikigusa kwa bahati tu, akiinama kusoma kilomita, akautoa mkono haraka. Gari lilikuwa limefungiwa bandani miezi mitatu, tangu mwenyewe afariki. Halikuwashwa wala halikupigwa jua. Na joto lenyewe lilikuwa la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

"Shemeji, nani alikaa humu leo?"

Mjane alisimama mlangoni, ncha ya mtandio puani. "Hakuna. Lichukue tu. Leo leo."

Dalali yeyote angeligombania gari lile: dogo, jekundu, la zamani lakini la mbio, turbo yake nzima, rangi ile ile ya kiwandani, mmiliki mmoja tu tangu lianze kutembea.

"Marehemu alijua kutunza," akasifu.

"Hakuwa akiliosha, shemeji. Alikuwa akiliogesha," mjane akanong'ona. "Kwa sabuni ya mwili. Akimaliza, analifuta kwa taulo langu. Miaka sita hakunishika hata mkono."

Dalali akajichekea moyoni. Uchungu wa msiba, akajisemea, humfanya mtu aseme lolote.

Alipolifikisha kwenye yadi yake, kicheko kilimwisha. Kila alipofuta kile kiti, kitambaa kilirudi na utando wa manjano, mzito kama usaha, unaonuka maziwa yaliyochacha na kichwa kisichooshwa. Akafuta mara saba. Mara ya nane akaona unywele umechungulia kwenye mshono. Akauvuta. Ukaja, mrefu, mweusi, umelowa, ukaendelea kuja, akauzungusha kiganjani kama uzi, mpaka ulipokwama. Akautia nguvu, ukang'oka na kipande cha ngozi mbichi, na kiti kizima kikashtuka kwa maumivu.

Alitapika kando ya gurudumu. Kisha, Mungu amsamehe, akanyunyiza manukato na kufunga milango, kwa sababu wateja walikuwa wamekwisha fika getini.

Walikuwa mwalimu na mkewe, mjamzito wa miezi saba. Mwalimu akakaa kwenye usukani, akatabasamu kama aliyeota. Mke akakikalia kile kiti, akavuta mkanda.

"Mbona kimelowa?" akauliza. Halafu, kwa sauti ndogo sana, "Mume wangu, kuna mtu ananilamba shingo."

Redio ilikuwa imezimwa, lakini ndimo ilimotoka sauti ya mwanamke, ya kukwaruza, yenye makohozi: "Shuka. Hapa pana mwenyewe." Na mkanda ukaanza kujikaza, ukazama kwenye tumbo la yule mama, na ute ukamchuruzika kutoka kisogoni hadi kifuani, na mwalimu akavuta kitasa kisichofunguka, na dalali, aliyejua tangu asubuhi na akanyamaza, akauvunja mlango kwa nondo, akakata mkanda kwa kisu, akamtoa yule mama akilia, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Mtoto anacheza," mama akasema hatimaye. "Anacheza."

"Ulijua?" mwalimu akamuuliza dalali.

Dalali akainama kuokota vipande vya mkanda.

Alasiri ile ile alimleta bibi mmoja msomea majini, mfupi, mwenye maneno makavu. Bibi alizunguka gari, akaweka sikio kwenye kioo, akatema mate.

"Uchafu gani huu! Ila huyu hafukuziki, mwanangu. Anasubiri."

"Anamsubiri nani, bibi?"

"Bwana wake. Kila siku alikuja kumwogesha, siku moja hakuja. Hajaambiwa kwamba amekufa. Mimi hatanisadiki. Mlete mwenye msiba."

Mjane alipoletwa yadini na kuelezwa, alirudi nyuma hatua tatu. "Mimi? Nikae humo? Nitatapika."

"Tapika," bibi akasema, "kisha kaa."

Akakaa. Kiti kilimpokea kwa mlio wa nyama. Nywele zikamtambaa mabegani, zikanusa mashavu yake, na uso wake ukakunjamana kwa kinyaa hadi machozi yakamtoka. Bibi alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Mjane akaweka kiganja chake wazi juu ya ule utando, akasema taratibu, kama anayezungumza na mtu wa nyumbani:

"Mke mwenzangu. Mume wetu amekufa. Nilimzika mimi."

Halafu likatoka yowe ndani ya sponji, yowe la mfiwa, refu, likapasua kioo cha mbele, na mishono yote ikafunguka kwa pamoja ikamwaga sakafuni maji meusi, vipande vya kucha na madonge ya nywele, huku harufu ikipanda mpaka dalali akapiga magoti. Ilipopungua, kiti kilikuwa ngozi tupu iliyosinyaa. Kilikuwa baridi.

"Ametoka," bibi akasema. Dalali alimwaga petroli, akalichoma gari pale pale, na hakulionea huruma hata kidogo.

Alimwomba mjane akubali kurudishwa nyumbani kwa gari jingine. Akakataa, akisema atatembea. Hajambo, amechoka tu. Dalali akabaki getini akimtazama akienda. Barabara ilikuwa pana na haikuwa na mtu mwingine, lakini mjane alitembea ukingoni kabisa, karibu na mtaro, kama mtu anayempisha mwenzake. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka pembeni, na kiganja kimefumbwa kama kilichoshika mkono.