Nusu ya Uwanja kwa Annastella

Mwezi wa Juni kijiji chote cha Maruku hunuka kahawa. Mwaka huo Wilbert alikuwa ameanika kahawa yake uwanja mzima, kutoka mlangoni hadi kwenye migomba ya kwanza. Ukitaka kuingia kwake, ilikubidi upite pembeni kama mwizi.

Kando ya maturubai kulikuwa na kigoda. Hapo alikaa binti yake, Annastella, mwenye miaka minne na nusu. Mapajani alikuwa na daftari, mkononi fimbo. Alikuwa na kazi mbili: kuandika herufi na kufukuza kuku.

"Mtoto huyu ametulia," majirani walisema. "Hana utundu hata kidogo!"

Wilbert alivimba kichwa kweli kweli. Watoto wa jirani yake Apolinary, Derick na Joanitha, walishinda wakikimbia na kupiga kelele. Yeye aliwaona kama watoto waliokosa malezi. Lakini mke wake, Dativa, moyoni alijiuliza mbona mtoto wao hacheki.

Siku ya usaili ikafika. Wilbert alitaka Annastella aanze masomo Januari katika shule moja ya binafsi mjini Bukoba. Walikwenda wote watatu, wamevaa nguo za kanisani. Mwalimu wa darasa la awali, Mwalimu Sada, aliwapokea kwa uso mkunjufu.

"Unaitwa nani, mama?" alimuuliza mtoto.

Kimya.

"Nyumbani unacheza na nani?"

Kimya tena. Mwalimu akampa penseli achore chochote anachopenda. Annastella aliikamata penseli kwa ngumi. Aliandika a, e, i, mistari ikitetemeka. Kisha akaangua kilio.

"Hatujamkataa," alisema Mwalimu Sada. "Mleteni tena Septemba. Lakini akibaki hivi, darasani atateseka."

Njia nzima Wilbert alinuna. Walipofika nyumbani alisema, "Tumelegea. Kuanzia kesho ni daftari asubuhi na jioni."

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya wiki mbili Annastella alianza kukojoa kitandani. Kila akiona daftari alisema tumbo linamuuma. Dativa uvumilivu ukamwisha. Akaenda kumwita Adventina, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye alikuwa amesomea pia malezi ya watoto wadogo.

Adventina alifika asubuhi. Akasoma kadi ya kliniki, akampima mtoto joto, akamminya tumbo taratibu.

"Homa hana. Tumbo ni laini," alisema. "Ila mkojo huu ukiendelea, mpelekeni zahanati. Sasa niambieni, anacheza saa ngapi kwa siku?"

"Kucheza?" Wilbert akashangaa. "Waitu, jamani, huyu ana usaili! Wacheze wasio na kazi."

"Na mtoto wa miaka minne kazi yake ni nini, Baba Annastella? Kulinda kahawa?"

Adventina akaingia kwenye kibanja, kule migombani, akaokota maganda makavu ya mgomba na vipande vya shina. Akaomba na vizibo vya chupa jikoni. Akavimwaga vyote mbele ya Annastella.

"Hivi ni vyako, mwanangu. Fanya unavyotaka."

Annastella alinyoosha mkono achukue kizibo. Akasita. Akamtazama baba yake. Akanyoosha mkono kwenye ganda la mgomba. Akamtazama tena. Hakugusa hata kimoja kabla ya kumwangalia Wilbert usoni.

"Umeona?" Adventina aliuliza kwa sauti ndogo.

Wilbert aliona, na ilimchoma. Hakuwahi kumpiga mtoto huyu. Hakuwahi kumnyima chakula. Siku zote aliamini anamtafutia maisha mazuri.

"Nimemharibu?" akauliza.

"Hapana. Unampenda, ila umemharakisha. Bado muda upo."

"Lakini hata penseli hajui kuishika!"

"Atajuaje, na vidole havina nguvu? Mtoto akifinyanga tope, akisokota kamba za mgomba, vidole vinakomaa. Akicheza baba na mama na wenzake, anajifunza kusema na kusubiri zamu. Akigawa vizibo, anahesabu. Nyumba yake ikianguka, anafikiri aijenge vipi upya. Daftari litakuja baadaye, na litamkuta yuko tayari."

"Sawa," alisema Wilbert. "Nitampangia ratiba. Saa mbili mpira, saa tatu tope..."

Adventina alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani hata kucheza unataka kumsimamia! Mwache apange mwenyewe. Ninyi mpeni muda, mahali salama na wenzake. Ondoeni mapanga. Funikeni lile shimo la maji. Kaeni karibu mumwangalie. Akiwaita mchezoni, ingieni, lakini yeye ndiye mkubwa. Ila punje za kahawa na vizibo, wasiofikisha miaka mitatu wasipewe. Watavimeza au watavitia puani."

Wilbert akautazama uwanja wake. Hapakuwa na mahali hata pa kukunja miguu. "Mahali penyewe ni wapi?" akauliza.

Sasa Dativa akasema. "Baba Annastella, kila mwaka wataalamu wanatuambia tuanike kahawa kwenye vichanja, juu ya ardhi. Kila mwaka unasema kesho. Jenga kichanja, nusu ya uwanja iwe ya mtoto."

Wilbert alikuna kichwa. Kisha akachukua panga, akaenda kukata miti. Kwa siku nne aligonga misumari. Vichanja viwili virefu vikasimama upande mmoja, vikabeba kahawa yote. Nusu ya uwanja ikabaki wazi.

Siku ya kwanza Annastella alisimama katikati ya uwanja, hajui aanzie wapi. Siku ya pili Joanitha na Derick walikuja, naye akawaangalia tu. Wilbert alitaka kumsukuma. Dativa akamshika mkono.

"Mwache," alisema.

Siku ya tatu Joanitha alimpa tope. Annastella akalishika. Likamtoka katikati ya vidole, naye akatabasamu. Tangu siku hiyo alirudi ndani jioni akiwa mchafu kuanzia utosini hadi miguuni. Alikula kwa pupa na kulala fofofo. Kitanda kikaanza kuamka kikavu.

Asubuhi moja Wilbert alikuwa akigeuza kahawa kwenye kichanja. Ghafla akasikia sauti kali uwanjani.

"Derick! Hiyo ni zamu yangu!"

Nusura amwage kahawa. Ilikuwa sauti ya Annastella. Dativa alitoka jikoni mbio, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Wakatazamana, wakacheka, na Dativa akalia machozi ya furaha bila aibu yoyote.

Septemba wakarudi shuleni. Mwalimu Sada alimwingiza Annastella darasani pamoja na watoto wengine watano. Sakafuni palikuwa na vipande vya mbao, vikombe na vitambaa. Wazazi walisubiri nje kwenye korido, karibu na dirisha.

Dakika chache zilipita. Kisha sauti ya binti yake ikajaa darasa lote.

"Hapa jikoni! Wewe leta maji. Wewe washa moto. Mwalimu, njoo umenye ndizi."

"Nimenye hivi?" aliuliza Mwalimu Sada, akishika kipande cha mbao.

"Siyo hivyo! Utajikata! Angalia mimi." Akahesabu waliopo. "Watu tuko saba. Ndizi ni nne tu. Nenda kalete tatu."

Mwalimu Sada akaenda kuleta tatu. Walipomaliza kupika, alimpa Annastella penseli awachore watu wote. Akaishika kwa vidole vitatu. Akachora watu saba, na kila mmoja akamchorea mdomo mkubwa.

Mwalimu akatoka nje na karatasi mkononi. "Annastella anaanza Januari," alisema. "Jamani, mmemfundisha nini?"

"Hakuna, mwalimu," Wilbert alijibu. "Tulimwachia nafasi tu. Mengine amefanya mwenyewe."

Dativa akapiga vigelegele pale pale kwenye korido. Wazazi wengine wakageuka kutazama. Wilbert akafungua mlango wa darasa.

"Mama, umeshinda! Twende nyumbani."

Annastella alikuwa amepiga magoti sakafuni, anagawa vikombe. Hakuinua hata kichwa.

"Tata, subiri nje kwanza," alimwambia baba yake. "Watu bado wanakula."

Wilbert akafunga mlango taratibu, akasubiri.