Injini Iliyoazima Pumzi

Jumatano ile jioni nilitoka kwenda kununua plagi nne. Hilo tu. Plagi nne, nirudi, nizifunge, na kesho yake nimvushe mke wangu mlima.

Mimi ni Parwoto, mpishi wa meli mstaafu. Nimepika wali katika bahari tano na kuuunguza katika nne. Nimeiona Hamburg, nimeiona Santos, na bandarini Busan niliibiwa viatu nikiwa nimevivaa. Kwa hiyo msinidhanie mtu wa kukimbia kivuli. Ukweli anaujua mke wangu Sumirah: panya akipita darini usiku, anayeamka kwenda kutazama ni yeye.

Sumirah alikuwa na maji kwenye mapafu. Daktari wa zahanati hakuzunguka: "Pak Parwoto, hapa hatuna mashine ya kuyatoa. Ng'ambo ya mlima wanayo. Afike kabla ya Ijumaa." Hakusema Ijumaa ikipita itakuwaje. Alianza kupanga karatasi zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

Kitongoji chetu, hapa Java ubavuni mwa mlima Sumbing, kina pikipiki arobaini na gari moja. Kumpandisha mgonjwa wa mapafu kwenye pikipiki, katika ukungu wa huko juu, ni kumuua kwa mikono yako. Gari lenyewe ni letu: la mwaka hamsini na nane, marehemu baba mkwe alituachia. Sura yake ya bibi harusi, nguvu zake za nyanya yake bibi harusi. Mara mbili nilijaribu kupanda na Sumirah. Mara mbili likaishiwa nguvu kona ya saba, tukarudi kinyumenyume, mimi nikiomba dua na yeye akinielekeza usukani.

"Itoe hiyo injini," aliniambia jirani yangu Darsono, fundi pikipiki. "Nina moja ya pikapu ya mboga. Nipe siku tatu."

"Siku tatu sina. Na Sumirah hataki. Wosia wa baba yake, injini isitoke."

"Basi mbebe mgongoni, kaka. Mgongo wako na injini hiyo ni rika moja."

Tulikuwa tumefanya yote yanayofanywa na watu wenye akili. Silinda hedi tuliichonga ili mgandamizo uongezeke. Vali tukazisaga. Kabureta tukaiosha mpaka ikang'aa kama sahani ya mgeni. Zilikuwa zimebaki plagi tu.

Duka la vipuri nikalikuta limefungwa.

Adhana ya magharibi ilikuwa inasikika, saa ambayo kwetu watoto huitwa ndani na milango hurudishwa. Nikageuza gari. Nilipolipita shamba la mwisho la tumbaku nikaona chemli ikiwaka kibandani kando ya barabara. Spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake. Harufu ya petroli... na ubani.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya boneti kabla sijazima gari. Nyayo zake sikuzisikia.

"Linahema," akasema.

"Limezeeka, mzee. Kama sisi."

"Halijazeeka. Lina njaa ya hewa."

Akafungua boneti. Akaegemeza bisibisi ndefu kwenye injini na kuuweka mpini sikioni, kama mafundi wa zamani wanavyosikiliza. Akasikiliza... akasikiliza... kisha akatabasamu, kama mtu aliyesikia sauti anayoifahamu.

"Ya asili," akanong'ona. "Vizuri. Hamkuitoa."

"Inaweza kuongezwa nguvu?"

"Inaweza. Kiti cha kushoto hukaa nani?"

"Mke wangu."

"Weton yake?"

Weton ni siku yako ya kuzaliwa: ile ya juma la siku saba, ikifungwa pamoja na ile ya juma la soko la siku tano. Sisi Wajava hatuoi, hatujengi, hatununui hata mbuzi bila kuihesabu. Mtu akikuuliza unajibu kama anayeulizwa saa. Ya mkeo ndiyo kabisa, uliihesabu kabla ya posa. Nikajibu.

"Jumatano Legi."

Akainama kwenye mdomo wa kabureta na kuyanong'ona maneno hayo mawili. Mara tatu. Kisha akageuza skrubu moja, robo mzunguko.

"Basi?"

"Basi."

Hakutaka kitu. Hata sigara ya karafuu niliyomnyooshea aliirudisha. Fundi asiyetaka kitu... mimi, niliyezunguka dunia nzima, sikushtuka. Nilishukuru.

Alhamisi alasiri midomo ya Sumirah ikawa ya buluu. Nikamvika makoti mawili, nikamkalisha kiti cha kushoto, tukaondoka. Kona ya kwanza jua lilikuwa linazama. Kona ya pili ukungu ukatumeza.

Na gari likapanda. Jamani, lilipanda. Kona ya nne kwa gia ya tatu. Ya tano, ya sita... nikaanza kuimba. Ya saba tuliipita kama tunateremka.

"Umeona, Bu?" nikamwambia mke wangu.



Nikamtazama. Mdomo wazi. Kifua hakiendi.

Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Akavuta hewa... hhhhh.

Nikakanyaga. Pumzi ikakatika.

Nikaachia. Hhhhh.

Ilinichukua mara nne kuelewa, maana mimi si mwepesi.

Injini ilikuwa inampumua mke wangu.

Nikavuta breki ya mkono. Mbele, kilomita tisa, hospitali. Nyuma, nyumbani na Ijumaa. Nikikanyaga anakufa. Nisipokanyaga anakufa. Nikalaza paji la uso kwenye usukani na kulia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

"Pak," akanong'ona. "Limepanda kama siku ile ya baba. Yule wa kibandani... ulimtajia weton ya nani?"

"Unamjua?"

"Baba alimtajia ya mama." Akasubiri hewa. "Nilikuwa nyuma. Nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa anaimba, kama wewe sasa hivi. Tulipofika kileleni... mama alikuwa wa baridi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni moyo wake. Mpaka leo." Akafumba macho. "Ndiyo maana baba hakutaka injini itolewe. Alikuwa akisema, mama yenu yumo."

Nikashuka. Nikafungua boneti, nikang'oa kichujio cha hewa. Mvuke wa ubani ukanipiga usoni. Nikaweka mdomo kwenye kabureta, midomo ikaungua, sikuitoa.

"Jumamosi Pahing," nikanong'ona. Siku yangu. Mara tatu. Skrubu sikuigusa. Sikujua ni ipi.

Kitu kikavuta.

Haukuwa upepo. Kilinivuta kutoka ndani, polepole, kama mtoto anavyonyonya mrija. Nikaanguka magoti.

Kilomita zile tisa sizikumbuki zote. Kila nikikanyaga mafuta mbavu zilikazwa kama kwa kamba ya meli. Niliona madoa meusi, kisha barabara, kisha madoa. Kando yangu nilisikia pumzi ya Sumirah... nyembamba, ya kukwaruza, lakini yake. Kwenye kona mkono wake ulikuwa juu ya wangu, ukisaidia usukani.

Niliamka siku ya pili, kitanda jirani na chake. Alikuwa anakunywa uji.

"Mwanamume gani huyu," akawaambia wauguzi. "Naumwa mimi, analala yeye."

Sasa ni miezi minne. Sumirah mzima, ananona. Mimi pia mzima, mradi gari limezimwa; kutoka hospitali lilirudi likivutwa kwa kamba. Wiki iliyopita nilishuka kwa miguu mpaka kile kibanda, saa sita mchana, jua kali. Kipo. Mzee yupo, anafuta spana.

"Itoe weton yangu," nikamwambia.

"Haitoki. Hubadilishwa tu."

"Kwa ya mtu mwingine?"

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufuta spana.

"Basi iache," nikasema.

"Pak, mimi nilikuuliza wa kiti cha kushoto. Wewe umetoa pumzi ya mwenye usukani." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Sasa kiti cha usukani kiko wazi."

"Atakikalia nani?"

"Mimi fundi tu."

Nimelifunika gari turubai. Betri nimeitoa. Magurudumu yote manne yako chini ya kitanda chetu, na Sumirah kila siku ananisema kwa harufu ya mpira. Kuiuza injini ameniomba nisiiuze. Anakwenda kukaa nayo bandani asubuhi, anazungumza na mama yake.

Naandika haya magharibi ikiadhiniwa. Sumirah yuko jikoni, namsikia anagonganisha sufuria. Funguo ziko mfukoni mwangu, nimezishika. Bandani kimya kabisa.

Na mbavu zinakazwa, zinaachiwa, kama kuna mguu kwenye mafuta: kifua changu kimeanza kupanda mlima.